Kidenishi cha Kuombea Chumvi

Katika miaka yangu ya kazi Dubai, swali nililoulizwa kuliko jingine lolote ni hili: "Mwalimu Rehema, wewe mtu wa Tanga, Kidenishi umekitoa wapi?" Waliniuliza wazazi, waliniuliza madereva wa teksi, na afisa mmoja wa uhamiaji aliisoma karatasi yangu ya kazi, akaniangalia, akaisoma tena. Sasa nimestaafu, na ninyi wenzangu mnaobaki katika kile chumba cha mwisho wa ukumbi, chumba cha lugha zenye wanafunzi wachache, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nitaanza na jibu la swali hilo.

Nilikitoa kwa wazee. Nilikwenda Denmaki nikiwa msichana, kwa mafunzo ya kuhudumia watu wazima, nikapangiwa nyumba ya kulelea wazee katika mji mdogo wa Jutland ambako upepo hauna adabu. Wazee wale hawakujua Kiingereza, na mimi sikuwa na kingine cha kuwaambia. Niliwaogesha, niliwalisha, niliwasukuma kwenye viti vyao mpaka dirishani. Wengi macho yao yalikuwa yamechoka, kwa hiyo mchana baada ya kahawa nilipewa kitabu niwasomee kwa sauti. Nilisoma kabla sijaelewa. Walinikatiza, wakanisahihisha, kisha wakagombana wao kwa wao nani kati yao anatamka vizuri. Siku moja machozi yalinitoka katikati ya ukurasa, na bibi mmoja akamwambia mwenzake, "Haya, sasa anaelewa." Kutoka hapo nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha huko huko, nikaolewa na Saidi, mtu wa Unguja, nikamzaa Hamisi. Saidi ni fundi wa mitambo ya kupakulia makontena, na alipopata kazi katika bandari ya Jebel Ali, Dubai, tukahama. Hamisi alikuwa mkubwa tayari, akabaki Denmaki na masomo yake, mjini Aarhus.

Siku yangu ya kwanza shuleni ilianzia getini. Mlinzi, kijana wa Kiganda mwenye tabasamu pana, alinitazama mtandio wangu na mkoba wangu, akasema kwa upole kabisa, "Mama, waombaji wa kazi za usafi wanapitia mlango wa nyuma."

"Nimekuja kufundisha Kidenishi," nikamwambia.

"Mama," akasema, "basi hata mimi nimekuja kufundisha Kichina."

Alipohakikisha kwa simu kwamba ni kweli, alinisindikiza mwenyewe mpaka ofisini, na tangu siku hiyo kila asubuhi aliniita "Profesa" kwa sauti ya kusikika hadi kwenye karakana za Al Quoz, ng'ambo ya barabara. Sikumkataza.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bi Sunita, mama wa Kihindi mwenye mvi fupi, mkuu wa lugha. Mpango wetu, kwa asiyeujua, ni wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na kila mwanafunzi husoma fasihi ya lugha yake, au ile ambayo wazazi wake wanadai ni yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Bi Sunita alinionyesha kabati, akanionyesha ufunguo unaokwama, akanionyesha kiti. "Usikae mbele yake," alisema. "Kaa ubavuni, msome ukurasa mmoja. Ukikaa mbele unakuwa polisi." Jambo la pili alilonifundisha lilihusu chai. Kila siku saa nne asubuhi alileta vikombe viwili vya karak kutoka duka la kona. "Mwanafunzi akinyamaza, usimwokoe. Kunywa mpaka nusu kikombe, ndipo useme neno. Walimu wapya wanaharibu watoto kwa huruma."

Darasa langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi wanne, wote watoto wa Wadenishi wenye kazi nzuri mjini. Nilisimama, nikawasalimu, nikaeleza tutasoma nini. Walitazamana, kisha mmoja akaangua kicheko. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, akijitahidi kuwa na heshima, "Mwalimu, samahani. Unaongea kama bibi yangu. Hilo neno ulilosema sasa hivi nimelisikia mazikoni tu." Alisema kweli. Kidenishi changu kilikuwa cha wazee waliozaliwa kabla ya mama yangu. Tukafanya makubaliano: wao wanifunze maneno ya vijana, mimi niwafunze ya mazikoni. Sijui nani alifaidi zaidi, lakini hadithi za zamani zilianza kufunguka, kwa sababu zimeandikwa kwa maneno hayo hayo.

Vitabu vilikuwa shida. Kuagiza kulichukua muhula mzima, kwa hiyo wazazi waliokwenda likizo walirudi navyo ndani ya masanduku, katikati ya mikate myeusi na viatu. Nusu ya maktaba yangu iliingia Dubai ikinuka soksi. Shida nyingine ilikuwa kuondoka. Mkataba wa baba ukiisha, khalas, familia imefunga mizigo, na mwanafunzi uliyemsomesha hadithi mpaka katikati unamkuta uwanja wa ndege kwenye picha za simu. Ndivyo darasa la wanne lilivyokuwa la watatu, mwaka mwingine la wawili, na mwishowe, mwaka ninaotaka kuwaelezeni, la mtu mmoja.

Jina lake Signe. Alikuwa na miaka kumi na saba, amezaliwa Dubai, ana pasi ya Denmaki ambako hajawahi kukaa zaidi ya majira ya joto. Baba yake, Jens, alikuwa mhandisi, leo yupo Muscat, kesho Doha. Mama yake, Karen, alikuwa mwalimu wa fasihi kwao, akaacha kazi alipomfuata mumewe. Walitaka Signe asome fasihi ya Kidenishi katika ngazi ya mwenye lugha, kwa sababu chuo cha udaktari walichokilenga Denmaki kilidai hivyo.

Wiki za kwanza Signe hakusema kitu. Alisoma alichoambiwa, akaitikia kwa kichwa. Nilikunywa chai nyingi mno mwezi ule. Kisha siku moja simu yangu ikalia darasani, jambo nisilolipenda, na ilikuwa Saidi. Alikuwa ametoka kuchukua kifurushi mlangoni, mlango ukajifunga nyuma yake, naye amejifunga taulo tu, simu mkononi. Nikamwambia kwa Kiswahili aende kwa jirani, asishuke kwa mlinzi na taulo. Kabla sijamaliza, Signe alikuwa amejificha uso, mabega yanamtikisika.

"Umesikia nini wewe?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Nimesikia babu yuko ukumbini na taulo," akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha Malindi, safi, kimenyooka. "Aende kwa jirani mwanamume, mwalimu, si kwa mwanamke."

Yaya wake, Mwanaisha, ni mtu wa Malindi. Alimpokea Signe mchanga, akamlea kwa lugha aliyokuwa nayo. Kiingereza kilikuwa cha shule na marafiki. "Na Kidenishi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kidenishi changu ni cha kuombea chumvi. Mezani. 'Nipe chumvi, nipe siagi, asante kwa chakula.' Baada ya hapo naona haya."

Tangu siku ile alianza kuongea, ingawa aliongea upande usiotahiniwa. Nilimwacha. Nilidhani tuna muda.

Mtihani wenye uzito wa pekee katika somo letu ni ule wa mdomo. Mwanafunzi huzungumza dakika kumi juu ya kazi alizosoma, kisha mwalimu anamuuliza maswali, yote yananaswa na kupelekwa kwa wasahihishaji wa mbali. Mwalimu anathibitisha kwamba maneno ni ya mwanafunzi mwenyewe. Muhula wa pili tulifanya majaribio. Nikaweka kinasa sauti mezani, nikamwambia Signe aanze.

Alizungumza juu ya hadithi fupi ya mama ambaye mtoto wake ameondoka nyumbani. Kila asubuhi mama yule anafungua dirisha la chumba cha mtoto, chumba kinaingia hewa, lakini kitanda hakitandiki. Tangu nihamie Dubai sikuwa nimesikia Kidenishi kizuri namna ile. Sentensi zilikuwa ndefu na hazikuvunjika. Alisema juu ya uchungu wa kuzoea nyumba iliyotulia, juu ya mikono iliyozoea kumfanyia mtu kazi na sasa haina mtu. Dakika za mwanzo nilifurahi. Kisha nikaanza kumsikiliza mwenye maneno, na hakuwa na miaka kumi na saba.

Alipomaliza nikamuuliza swali jepesi nililoweza kulipata. "Kwa nini hatandiki kitanda?"

Signe akanyamaza. Nikanywa chai mpaka nusu. Alikitazama kinasa sauti, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, hilo mama hakunifundisha."

Nikazima kinasa.

"Hadithi kachagua nani?"

"Mama."

"Na maneno?"

"Mama. Mimi nimeyashika tu, kama Mwanaisha anavyoshika sura zake za Kurani. Nayajua yote. Hata pa kuvuta pumzi najua."

Hakuwa akilia wala kujitetea. Alionekana amechoka kama mtu aliyebeba kitu kizito ngazi nyingi na sasa ameambiwa si nyumba hii.

Nilimweleza Bi Sunita. Akasema, "Usimwandikie mama mtu. Mwite, na mkae ubavu kwa ubavu." Karen alikuja kesho yake, mwanamke mrefu aliyevaa kitani, mwenye sauti ya chini. Tulizungumza Kidenishi. Nilimwambia nilichosikia na kwamba siwezi kuthibitisha kazi ile.

"Maneno yenyewe yana kosa gani?" akauliza.

"Hayana kosa. Katika chumba hiki sijawahi kusikia mtu akiieleza hadithi vizuri kuliko hivyo. Lakini ni yako."

Akavitazama vitabu kabatini. Ng'ambo, katika karakana, msumeno ulikuwa unakata chuma. "Sina pengine pa kuyasema," alisema mwishowe. "Jens hayupo. Rafiki zangu wa hapa tunaongea Kiingereza. Signe alipokuwa mdogo, akiota ndoto mbaya, alikuwa analia kwa Kiswahili. Mimi namkumbatia, naye anamwambia mtu mwingine kinachomtisha. Unajua inavyokuwa?"

"Mwanangu yuko Aarhus," nikamwambia. "Nikimpigia simu namuuliza kwa Kiswahili, 'Baba, umekula?' Ananijibu kwa Kidenishi kwamba ameshiba."

Akacheka, kicheko kikamponyoka kwelikweli. Kisha akaweka mkono mdomoni, na nikaona kwamba hacheki tena. Nikamsogezea karatasi za kufutia machozi, ambazo katika kazi yetu msiziweke mbali.

Alipotulia akauliza, "Kwa hiyo utampitisha?"

"Kwa maneno yako, la."

Alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Siku iliyofuata mkuu wa shule aliniita. Alikuwa mtu mwenye haki, lakini mwenye wasiwasi. Jens alikuwa amempigia kutoka Doha. Alitaka binti yake apewe mwalimu mwingine, Mdenishi wa kweli, ambaye angeweza kutambua Kidenishi kizuri akikisikia. Kama shule haiwezi, angelipeleka jambo juu zaidi, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwaka ule. Mkuu akaniuliza, "Madam Rehema, una hakika? Ukibaki na shaka hata kidogo, tungeweza kuliacha lipite."

Nikamwambia sina shaka, lakini naomba muda wa kumtayarisha Signe upya. Akakubali muda. Juu ya mkataba hakusema neno, na katika kazi hii mtajifunza kusikia kisichosemwa.

Niwaeleze pia hali ya nyumbani, maana haikuwa ndogo. Kazi ya Saidi ilikuwa imekwisha, na kibali chake cha kukaa kilikuwa chini ya changu. Mimi nikiondolewa, tunaondoka wote. Nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akapunguza moto.

"Ukimpitisha tutabaki, usipompitisha tutarudi Unguja nikakusumbue huko," akasema. "Mimi kusumbua najua popote. Swali ni wewe utamtazama vipi huyo mtoto."

Basi nikarudi kwa Signe. Nilimwambia achague hadithi mwenyewe, yoyote, ndani ya kitabu kile kile. Akapekua, akarudi na moja juu ya msichana anayefanya kazi katika duka la mikate, ambaye kutwa nzima hasemi na mtu ila "karibu" na "asante", mpaka siku anapomfokea mteja na hajui kwa nini.

"Kwa nini hii?"

"Kwa sababu ni fupi."

"Sababu nzuri. Tusome."

Tulisoma ubavu kwa ubavu. Nilimwacha aieleze kwa Kiswahili kwanza, yote, alivyotaka. Kisha nikamuuliza yale yale kwa Kidenishi, naye akayavuta ng'ambo moja moja. Aliumia. Aliweza kusema jambo la maana kwa Kiswahili, halafu kwa Kidenishi likatoka kama sentensi ya mtoto wa chekechea, naye akasikia tofauti hiyo na akatamani kurudi kwenye maneno ya mama yake, yaliyokuwa yamekwisha kunyooshwa. Mara mbili alinibembeleza tuyarudie. Mara ya tatu akatupa kalamu, akasema, "Mimi si mjinga, mwalimu! Ni mjinga kwa Kidenishi tu!" Nikamwambia aiseme sentensi hiyo kwa Kidenishi. Aliisema. Ilikuwa sentensi ya kwanza ndefu ambayo hakuitafuta.

Asubuhi moja aliingia darasani kabla ya kengele, hajaketi akaanza kusema. Jana yake alikuwa jikoni kwao akimsimulia Mwanaisha hadithi ya msichana wa mikate, huku Mwanaisha akimenya viazi. Alipofika pale msichana anapofoka, Mwanaisha alisema, "Huyo si kwamba ana hasira. Amechoka kuwa na adabu."

"Nikaona ndiyo yenyewe hiyo," Signe akaniambia. "Tukaanza kubishana, mimi na Mwanaisha, tunacheka. Nikageuka, mama amesimama mlangoni."

"Akasemaje?"

"Akauliza tunacheka nini. Mwanaisha akainamia viazi vyake, mimi nikataka kusema hakuna kitu. Kisha akauliza tena, polepole, 'Ni hadithi ipi? Nisimulie na mimi.'"

Akamsimulia. Kwa Kidenishi, pale pale jikoni, katikati ya maganda ya viazi. Alikosea, alirudi nyuma, alikwama kwenye neno la "adabu" mpaka akaonyesha kwa mikono. Karen alivuta kiti, akaketi. Hakumsahihisha hata mahali pamoja. Alipofika mwisho Karen alimuuliza swali, Signe akajibu, Karen akasema haafikiani naye, na wakaendelea hivyo mpaka Mwanaisha akawaambia kwa Kiingereza kwamba viazi vimeiva na wao wanamzuia kupita.

"Mwalimu," Signe akasema, "sikujua mama anapenda kubishana."

Malalamiko ya Jens yaliondolewa juma lile lile. Mkuu aliniambia kwamba mama mtu ndiye aliyepiga simu. Mimi mkataba wangu nilikuja kuongezewa, Saidi akaendelea kukaanga vitunguu Dubai. Jens nilikutana naye mara moja kwenye sherehe ya shule; alikuwa na mengi ya kutazama upande wa pili.

Siku ya mtihani Signe alivaa shati la pasi na akakataa maji. Nikawasha kinasa. Alizungumza dakika zake kumi kwa sentensi fupi. Alichanganya ngeli za majina, aliacha kitenzi kimoja kikining'inia, na kati ya sentensi kulikuwa na mapengo ambayo msahihishaji yeyote angeyasikia. Nikamuuliza kwa nini msichana wa hadithi anamfokea mteja aliye mpole kuliko wote, wakati waliomdharau hakuwafokea. Nilibana mikono yangu chini ya meza nisije nikamwokoa. Kisha akasema kwamba kwa watu wakali adabu ni ngao, mtu anaishika. Lakini mbele ya mpole msichana yule aliona kwa mara ya kwanza kwamba anaweza kuiweka chini, ndipo hasira yote ikatoka. "Anamfokea kwa sababu anamwamini," alisema. Hilo sikuwa nimeliona. Nimesoma hadithi ile na wanafunzi wengi, na sikuwa nimeliona.

Alama aliyopata ilikuwa ya kati. Chuo cha udaktari hakikumchukua, na baba yake alilisema hilo kwa muda mrefu. Signe alikwenda Denmaki hata hivyo, kusomea ualimu wa watoto wadogo, na nasikia anaendelea vizuri. Sitawaambia kwamba mambo yalikwisha kwa wote kushinda. Kuna mlango uliofungwa mbele yake, na mimi nilikuwapo ulipofungwa.

Lakini mkiniuliza saa moja ya kazi ninayoipenda kuliko zote, ni ile iliyofuata mtihani. Karen alikuwa akingoja ukumbini, ameshika funguo za gari. Signe alikuwa chooni ananawa uso. "Ilikuwaje?" Karen akanong'ona. "Alisema nini?"

"Siruhusiwi kukuambia," nikamjibu. "Muulize mwenyewe."

Niliwatazama kutoka dirishani wakielekea maegesho. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, lami inameremeta. Karen alifungua mlango wa gari, akauliza kitu, na Signe akaanza kujibu akiwa upande wa pili wa gari, mkono mmoja juu ya paa, kisha akauondoa haraka kwa moto wa bati, akaendelea kusema. Alisema kwa mikono yote miwili. Karen alibaki amesimama juani, mlango wazi, joto la ndani ya gari likimpiga, hakuingia, na wala hakumwambia bintiye aingie.